Uongo Mmoja Kila Jumamosi

Mwalimu Costansia alikuwa na maradhi ya kuota mchana. Si kwamba alikuwa mvivu. Yeyote aliyeiona migomba yake pale Kaisho asingethubutu kumpachika jina hilo. Lakini ungeweza kumkuta asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, amesimama katikati ya shamba na kisu cha kupunguzia majani mkononi, macho yamekwenda mbali, na hata ukimwamkia mara mbili asikuitikie. Mumewe, Nestory, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, alikuwa amekwisha kuzoea. "Yuko chuoni," aliwaambia wageni kwa sauti ya chini. "Karibuni mkae, atarudi sasa hivi."

Na kweli alikuwa chuoni. Chuo chenyewe alikijenga kichwani mwake, tangu akiwa msichana kwao Rugu. Kilikuwa na ukumbi mpana wenye viti vinavyopanda kuelekea nyuma, madirisha marefu kupita kimo cha mtu, na mwanga wa asubuhi usioondoka hata ikifika jioni. Kilikuwa na maktaba ambamo watu walitembea polepole wasije wakayaamsha mawazo ya wenzao. Mhadhiri aliingia, akasema, akatoka, na maneno yake yakabaki yanaelea hewani mpaka kila mtu achukue lake. Kila aliyerudi kutoka chuo kikuu cha kweli alimwongezea kitu: huyu ngazi, yule bustani, mwingine kelele za bwenini. Kelele za bwenini alizikataa.

Mwenyewe hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, na hakulificha hilo. Alikuwa na cheti cha ualimu, kisha stashahada ya historia na Kiswahili aliyoisomea likizo baada ya likizo huku ananyonyesha. Baada ya hapo kila mwaka ulikuja na sababu yake: mtoto, msiba, mavuno, kidato cha nne kisicho na mwalimu mwingine wa historia. Safari moja, akienda kwenye harusi ya mdogo wake, basi lilipita Dodoma na abiria wa kiti cha pili akamwonesha majengo ya chuo kule juu mlimani. Aligeuza shingo hadi yakapotea, na shingo hiyo ikamsumbua mpaka harusi ikaisha.

Mtu wa namna hiyo ungetegemea awaonee wivu vijana wanaokwenda. Wapi! Aliwapenda, tena hasa wale waliosoma masomo ya sanaa, kwa sababu hao hawakuwa na mtetezi. Mitihani ya kidato cha sita ikiisha, vijana wakarudi nyumbani kusubiri vyuo vifunguliwe, aliyesoma sayansi huitwa "daktari" barabarani hata kabla matokeo hayajatoka. Aliyesoma historia, jiografia na lugha huulizwa, "Na wewe sasa utakuwa nani?" Swali hilo huulizwa kwa upole kabisa, huku mwulizaji anamkabidhi jembe.

Mwalimu Costansia aliwapokonya jembe hilo siku za Jumamosi. Walikuja asubuhi, umande bado unadondoka kwenye majani ya migomba, wengine wa pale pale Kaisho, mmoja alitoka Kihanga akawa anakaa kwa mjomba wake. Hakuwaketisha. "Kule hakuna mtu wa kuwaandikia ubaoni," aliwaambia. "Kule mtu anasema mara moja, na la kwako ni lile ulilolidaka." Kisha akaanza kutembea kati ya migomba, mikono nyuma, anatoa mhadhara, na vijana wakamfuata kwa foleni wakikwepa mikungu isiwagonge vichwa. Alizungumza juu ya wafalme wa Karagwe na ng'ombe wao, juu ya mipaka iliyochorwa na watu wasioijua mito waliyoichora, juu ya namna ya kumuuliza bibi swali bila kumtilia jibu mdomoni. Wakati mwingine alizama kwenye maneno yake mwenyewe, akapunguza mwendo, sauti ikawa nyembamba, na vijana wakajua kwamba sasa yuko kwenye ule ukumbi wake na wao wamo humo, wamekaa kwenye viti vile vinavyopanda. Walipenda saa hizo. Hata waliodai wanakuja kwa sababu ya kande za Mwalimu walizipenda.

Na katika kila mhadhara Mwalimu Costansia alitia uongo mmoja.

Hakuwavizia. Aliwaambia mapema, waziwazi: "Leo nitasema jambo moja la uongo. Atakayelisikia anisimamishe, aseme, 'Hapana, Mwalimu. Si kweli.'" Basi. Mtihani wenyewe ulikuwa huo tu, na mwaka wa kwanza hakuna aliyeushinda, wala wa pili. Si kwamba uongo hawakuujua. Waliujua, wakatazamana, wakabana midomo, mmoja akakohoa, mwingine akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Ila kumwambia mtu mzima, tena mwalimu, tena mke wa mzee wa kanisa, usoni kwake, kwamba alilosema si kweli, hilo walikuwa hawajalelewa nalo. Katika nyumba za kule mtu mzima akisema, mdogo huitikia "eeh," na akirudia, huitikia tena.

Mchezo huo ulianza kwa sababu ya Winston.

Winston alikuwa mtoto wa kwanza wa Gosbert na Beata, nyumba ya tatu kutoka kwa Mwalimu ukishuka bondeni. Alikuwa kijana wa kujivunia. Aliweza kuurudia mhadhara mzima wa Jumamosi, na pale Mwalimu alipokohoa, yeye naye alikohoa. Alikwenda kusomea sosholojia, kijiji kizima kikamsindikiza, na mwaka mmoja baadaye akashuka kwenye gari na godoro lake limeviringishwa. Nyumbani kukasemwa ana vidonda vya tumbo. Watu wakaja kutoa pole. Mwalimu Costansia naye akaja na maziwa, akatoa pole, akaambiwa ahsante.

Lakini mwenzake Winston wa darasa moja alimweleza Mwalimu ukweli. Tumbo halikuwa na shida. Winston alianza kupotea njia kwenye masomo wiki za mwanzo kabisa. Mhadhiri alipouliza kama wameelewa, alijibu ndiyo pamoja na wengine, maana kumwambia mtu mzima hukuelewa ni kumwambia hakufundisha vizuri. Kwenye semina, ambako vijana hubishana na mwalimu wao kama watani, yeye alikaa amefunga mikono, anatikisa kichwa kwa adabu. Alikubali kila kitu hadi akafeli kila kitu. Alidisko, kama wanachuo wanavyosema mtu akiondolewa masomoni. Usiku wa siku aliyoambiwa hayo Mwalimu hakulala, na Jumamosi iliyofuata akasema uongo wake wa kwanza.

Sasa zamu ilikuwa ya Ainebyona, mdogo wake Winston. Matokeo yalikuwa yametoka, amepata nafasi ya kusoma historia chuo kikuu, na ataondoka mwanzoni mwa Novemba. Kichwa cha Ainebyona kilikuwa kikali kuliko cha kaka yake. Mdomo ulikuwa ule ule. Mwalimu alipokuwa akiota mchana, alimwona yule binti katika ukumbi wake, kiti cha kando ya dirisha, mwanga umemwangukia begani, na hata humo ndotoni, ambamo Mwalimu mwenyewe ndiye mwenye kupanga mambo, midomo ya Ainebyona ilikuwa imefungwa. Hofu ilimkaa Mwalimu kifuani. Akienda hivi alivyo, alijiambia, nitakwenda kumpokea kituoni kabla mwaka haujageuka.

Jumamosi moja ya Agosti alisema kwamba mti wa kahawa uliletwa nchi hii na Wajerumani, na kabla yao hakuna aliyejua kahawa ni nini. Aliusema uongo huo kwa utulivu mkubwa, huku anatafuna kahawa. Hakuna aliyemkatiza. Ainebyona alisimama kidogo, akatazama kinywa cha Mwalimu kinavyotafuna, akaendelea kutembea.

Kesho yake mchana akaja Renatha, shangazi yake Ainebyona, na mkungu wa ndizi kichwani. Kwa watu wa kule shangazi ndiye hubeba maneno yasiyobebeka. Kijana akitaka kuoa, akitaka kukataa kuolewa, akiwa na neno na wakubwa, humtafuta shangazi, na shangazi huvaa kitenge chake kizuri akaenda. Mwalimu Costansia alipouona mkungu, alijua kuna jambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Osiibire ota? Umeshindaje?"

Walisalimiana. Wakaulizana watoto, mifugo, mvua, miguu ya Renatha. Mwalimu akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, Renatha akachukua mbili, akazitafuna kwa muda mrefu.

"Mwalimu, kuna mtoto mmoja," akaanza. "Sitamtaja."

"Ainebyona."

"Sijamtaja. Huyo mtoto anasema, yaani si yeye anayesema, ni mimi ninayesema kwamba anasema, kwamba labda Mwalimu alichoka jana. Maana kahawa hii tunayotafuna, bibi yake alimwambia, watu wa zamani walipeana walipokuwa wakichanjana undugu, Mjerumani hajazaliwa. Lakini anasema pengine wewe unajua kahawa nyingine."

Mwalimu alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. "Mama, na kwa nini hakuniambia mwenyewe? Niliwaomba waniambie."

Renatha alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Akwambie wewe? Uso kwa uso? Mwalimu, mtoto huyo ana kwao, waitu!"

Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliwatangazia kwamba kuna mtu amemkosoa kwa mkungu wa ndizi. Vijana walicheka hadi wakashikilia migomba. Ainebyona alitazama chini.

"Haya, niambie sasa," Mwalimu akambembeleza. "Hapa, kwa mdomo wako."

"Si umeshaambiwa, Mwalimu," Ainebyona akajibu taratibu, na kicheko kikaanza upya.

Mwalimu akaamua kuwafanyisha mazoezi. Aliwapanga mstari, akawafundisha kusema kwa pamoja: "Hapana, Mwalimu. Si kweli." Wakasema. Wakasema vizuri mno, kwa sauti moja, kama kwaya ya Jumapili, na hapo ndipo alipogundua kwamba amejikwaa, kwa maana wamekataa kwa sababu wameamriwa wakatae. Aliketi juu ya jiwe akawatazama. Alijiuliza kama kweli jambo hili linafundishika, au yeye ni mama mmoja wa Kaisho anayewapotezea vijana Jumamosi zao.

Akawapa kazi nyingine. Waende majumbani waulize nani huamua mkungu upi ukatwe, upi upikwe na upi utunzwe wa kutengeneza pombe. Hiyo ni kazi ya sayansi ya jamii, aliwaambia, na haihitaji darubini. Wote walirudi na jibu moja: baba ndiye huamua. Kijana wa Kihanga aliongeza kwamba mjomba wake alishangaa hata kuulizwa.

"Na uliona nini?" Mwalimu akamuuliza Ainebyona.

"Nilimwona mama akikata. Akaubeba. Alipofika jikoni akamwambia baba, 'Nimekata ule wa pembeni.' Baba akasema, 'Sawa, kata huo wa pembeni.'"

"Mbona hukusema?"

"Uliuliza wanasemaje, Mwalimu. Hukuuliza wanafanyaje."

Moyo wa Mwalimu Costansia uliruka. Akili ile! Alitamani aichukue siku ile ile, aipandishe basi, aikabidhi kwa wahadhiri huku akiwaambia waitunze. Kisha akakumbuka kwamba asingeulizwa, asingesema, na furaha yake ikapoa. Siku zikawa zinayeyuka. Mvua za vuli zikaanza, ukungu ukawa haupandi mpaka saa za chai, na Mwalimu akawa anatembea shambani kwake kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Jumamosi ya mwisho alitoa uongo mnene kuliko wote. Alisema mto Kagera unatoka Ziwa Victoria na kwenda kumwaga maji yake Rwanda. Vijana hawa wamenywesha ng'ombe mto huo, wameufulia nguo, wanajua unakokwenda kama wanavyojua njia ya kwao. Wakasimama wote. Ainebyona alifungua mdomo, na Mwalimu akaomba kimoyomoyo, sema, mwanangu, sema. Ainebyona akaufunga. "Mwalimu," alisema, "tukusaidie kubeba kande?"

Siku ya kumuaga ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Uwanja wa Gosbert ulifagiliwa, turubai likafungwa, mabenchi yakaazimwa kanisani. Kahawa ya kutafuna ilipita katika vikapu, kisha ndizi na maharage, kisha nyama. Winston alikuwa anazunguka na jagi la juisi ya ndizi. Tangu arudi hakuna aliyewahi kumwona amekaa kwenye shughuli. Siku zote alikuwa anahudumia, jagi au maji ya kunawa mkononi, na watu walishazoea kupokea bila kumtazama. Alimjazia Mwalimu kikombe kwa adabu zote.

"Tumbo linaendeleaje?" Mwalimu akamuuliza, maana ndivyo watu walivyomuuliza.

"Nashukuru, Mwalimu. Linaendelea."

Gosbert alitoa hotuba, akamshukuru Mungu, akawashukuru wakwe, kisha akamwita Mwalimu Costansia naye aseme neno. Mwalimu alisimama. Jua lilikuwa limepenya ukungu, turubai limekuwa la buluu nyepesi juu ya vichwa vya watu, na wageni waliokaa mabenchi ya nyuma, kule kwenye mwinuko, walionekana wamepanda juu kidogo ya wale wa mbele. Akawaona kama wako ukumbini. Sauti yake ikawa ile nyembamba ya Jumamosi, na maneno yakaanza kumtoka yenyewe, matamu, bila kizuizi.

"Nyumba hii ina akili," alisema. "Nyumba hii tumeijua. Alitangulia Winston, tukamsindikiza sote kutoka uwanja huu huu. Na kama si yale maradhi ya tumbo yaliyomrudisha kijana wetu, leo hii angekuwa anakaribia—"

"Eeh, waitu," wazee wakaitikia.

"Hapana, Mwalimu."

Kwanza alidhani sauti imetoka humo humo ndotoni. Aliendelea kutabasamu. Halafu akaona vichwa vinageuka.

Ainebyona alikuwa amesimama, gauni lake jipya la safari limemkaa vizuri, mikono ameibana kifuani. "Si kweli," akasema.

Ungedhani Mwalimu Costansia angeruka kwa furaha. Misimu mizima ameyasubiri maneno hayo, ameyatafuta kwa kila hila, ameyaota. Ukweli ni kwamba uso ulimwaka, na neno la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa, "Kaa chini, mwanangu." Safari hii hakuwa amewaonya mapema. Aliusema uongo kama anavyousema kila mtu, kwa upole, kwa kuwa wenyeji wanaupenda, na hakujua hata kwamba anausema. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Ainebyona!" Gosbert akafoka.

Renatha alikuwa ameshainuka, kitenge kinanyooshwa. "Anachotaka kusema mtoto ni kwamba—"

"Shangazi, naomba niseme mwenyewe."

Renatha akabaki ameinua mkono. Haijapata kutokea. Watu wote wakamgeukia Mwalimu, maana aliyekosewa ni yeye, na mwenye haki ya kumnyamazisha binti ni yeye. Mwalimu alimeza neno lililokuwa mdomoni. Lilikuwa kubwa, likashuka kwa shida.

"Eleza," akasema. "Unasema si kweli. Una ushahidi gani?"

"Kaka hakuumwa tumbo," Ainebyona akasema. "Tumbo lake ni zima, anakula kutushinda wote." Mtu mmoja nyuma alicheka akajiziba mdomo. "Alikuwa haelewi darasani, akaona aibu kusema. Na sisi hapa tunaona aibu kusema kwamba aliona aibu. Kila mtu anajua. Mama anajua, wewe unajua, Mwalimu, ninyi wote mnajua, na kila siku mnamuuliza habari za tumbo. Mimi naondoka kesho. Nami nikikwama kule, mtanitafutia ugonjwa gani?"

Beata alijifunika uso kwa khanga. Ainebyona alibaki amesimama, machozi yanamtiririka bila kuyafuta, lakini hakuketi. Mwalimu Costansia alimtazama akaona kwamba midomo ile imefunguka kweli, hapa, mbele ya wazee na wakwe, siyo kwenye kiti cha dirishani, na akampenda mpaka kifua kikamuuma. Aibu yake haikuondoka. Vyote viwili vilikaa pamoja.

Winston aliliweka jagi chini.

"Ni kweli, tata," akamwambia baba yake. "Sikuumwa."

Gosbert alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. "Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi baba yako?"

"Ulinipa pole kabla sijasema," Winston akajibu. "Nilishuka kwenye gari, ukaniona, ukasema, 'Pole, mwanangu, ni tumbo?' Nikasema ndiyo."

Hakuna aliyeitikia "eeh." Kuku walipita uwanjani wakidonoa punje za maharage, na watu wakawatazama hao kuku kwa makini, kwani kila mmoja alikuwa anatafuta mahali pa kuweka macho. Gosbert aliirudisha kofia kichwani, akaivua tena.

Winston ndiye aliyesema tena. Alimgeukia Mwalimu, akasafisha koo.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Mtu aliyetolewa chuo, anaweza kuomba upya akaanza mwanzo?"

Macho yote yakamrudia. Ni yeye ajuaye mambo ya chuo, nani mwingine wa kuulizwa? Mwalimu Costansia alikimbilia ndani ya kichwa chake kama alivyozoea, akapita ukumbini, akapita maktaba, akapita bustani, akitafuta. Miaka yote ile ya kujenga, hakuwahi kumjengea mahali mtu aliyerudi. Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa tamu, wazee wangeitikia, na shughuli ingeendelea.

"Sijui," alisema.

Neno lilitoka dogo, kisha akalirudia ili mabenchi ya nyuma nayo yasikie. "Sijui, Winston. Sijawahi kufika huko, na hilo sijawahi kuliuliza. Ningepaswa kuuliza siku ile ile uliyorudi. Nilikuletea maziwa."

Renatha, ambaye hakuwa amekaa, aliona sasa zamu yake imefika. "Basi msihangaike. Kesho mimi nitamsindikiza binti, nitakwenda na mkungu mzuri, niwaone hao wakubwa wa chuo, niwaeleze taratibu—"

"Hapana, shangazi," Winston akasema. "Nitauliza mwenyewe."

Alilisema kwa sauti ya chini, lakini akimtazama shangazi usoni, na mara baada ya kulisema alionekana kushtuka, kama vile amemsikia mtu mwingine. Renatha alimkodolea macho, akaketi polepole. Gosbert akajisogeza pembeni kwenye benchi la wazee alipokuwa ameketi, akajisogeza tena, mpaka ikapatikana nafasi ya kutosha kwa mtu mzima, akaipiga kwa kiganja chake. "Njoo ukae," akamwambia mwanawe.